Hadena ya poliurethani: upime kiasi gani, na nini hutokea ikizidi au ikipungua

"Nikiongeza hadena kidogo, si itakauka haraka?" Hilo ndilo swali la kwanza la karibu kila fundi anayeanza kumimina bushi, roli na vikwanguo vya poliurethani, mpira wa kumimina unaokazwa kwa hadena, hapa Tanga. Jibu ni hapana, na anayelipuuza hulipia baadaye, kwa sababu kosa lenyewe halionekani siku ya kufungua kalibu. Bushi inatoka safi, inang'aa, inafungwa kwenye gari. Wiki chache za mashimo zikipita, imelegea kama sabuni iliyolala kwenye maji, au imepasuka kama soli ya kiatu cha zamani.

Mazoea haya yametoka kwenye faiba. Wanaoziba boti pale Deep Sea huweka hadena asilimia 1 hadi 2 kwenye resini ya poliesta, na siku ya mawingu huongeza kidogo ili ishike upesi. Kwa poliesta hilo linaeleweka, maana hadena ile ni kiwashio tu. Ya poliurethani ni sehemu ya mpira wenyewe. Kila molekuli yake ina mikono miwili, na kazi yake ni kushika ncha za minyororo ya prepolima, kile kimiminika kinachochanganywa na hadena, na kuiunganisha mmoja na mwingine. Hadena ikipungua, zinabaki ncha zisizo na wa kuzishika. Ikizidi, ncha nyingi zinashikwa na molekuli ambayo mkono wake wa pili haukupata kitu, na mnyororo unaishia hapo hapo. Ukitaka mzigo ushike upesi, cheza na joto. Kiasi cha hadena kiache kwenye hesabu.

Namba zote zilizo hapa ni za prepolima yenye asili ya polietha iliyotengenezwa kwa TDI, kemikali inayoipa minyororo ncha zake za kushika, pamoja na hadena ya kimiminika iitwayo DMTDA. Kuna watakaokuuzia MOCA, hadena nyingine, ile ya punje za manjano inayoyeyushwa kwanza. Inatoa mpira mzuri, lakini IARC, shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, limeiweka kundi la 1, yaani vitu vilivyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu, na inapenya kwenye ngozi. Kwa karakana ya mtaani isiyo na mitambo ya kuvuta mvuke, usiiguse.

Andaa hivi kabla ya kufungua kopo lolote

- Prepolima yenye cheti cha bechi kinachoonyesha asilimia ya NCO, yaani zile ncha za prepolima zinazoshikwa na hadena. Iliyogawanywa kwenye chupa za maji ya kunywa, bila karatasi, iache huko huko dukani.
- Hadena DMTDA kwenye chombo chake cha asili.
- Mizani ya dijitali inayosoma gramu 0.1. Ya jikoni, ile ya mshale, haifai hata kidogo. Utaona kwa nini.
- Oveni isiyopikiwa chakula, inayoweza kukaa nyuzi 100 za Selsiasi usiku kucha, na themomita ya kuweka ndani. Namba zilizochorwa kwenye kitasa cha oveni usiziamini.
- Kalibu ya chuma au alumini, na dawa ya kuachia inayostahimili joto.
- Pampu ya kuvuta hewa na chemba yake.
- Vikombe vya plastiki ngumu au vya bati, na vijiti vya chuma vya kukorogea. Vikombe vya karatasi na vijiti vya mti vinatunza unyevu.
- Barakoa ya kemikali yenye vichujio vya mvuke wa ogani, glavu za naitraili, miwani, na shati la mikono mirefu. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haizuii mvuke wa TDI.

Kuhusu huo mvuke: TDI inaweza kumwachia mtu pumu ya maisha. Mwenye pumu, au aliyewahi kubanwa kifua akiwa kwenye kazi hii, asikae hata jirani na chumba cha kumiminia.

Unyevu wa pwani ni hadena ambayo hukuipima

Hapa wengi hupita haraka, nao ndio wanaorudi na maswali. NCO hupenda maji kama inavyopenda hadena. Gramu 1 ya maji inakula NCO nyingi sawa na gramu 12 hivi za DMTDA, na papo hapo inatoa zaidi ya lita moja ya gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa hiyo tone dogo lililobaki kwenye kikombe kilichosuuzwa linavuruga hesabu na kujaza mpira matundu kwa mkupuo mmoja.

Tanga ni mji wa bahari. Wakati wa masika hewa yenyewe imelowa, na kopo lililoachwa wazi dakika kumi tayari limeshakunywa. Kila ukichota, pulizia naitrojeni kavu au agoni ya kuchomelea juu ya prepolima kabla ya kufunga. Gesi ya kupikia isitumike kamwe. Rangi na unga wowote utakaochanganya vikaushwe oveni kwanza. Kazi ya kumimina ipange mchana jua likiwa limewaka, wala si alfajiri wakati mabati yanadondosha umande.

Hatua kwa hatua

1. Soma NCO kwenye cheti cha bechi yako. Usichukue namba ya kopo la mwezi uliopita, wala ya kopo la rafiki. Prepolima ya jina lile lile inaweza kuwa 4.1 kwenye bechi moja na 4.3 kwenye nyingine. Kopo lililokaa wazi au lililopashwa moto mara nyingi linashuka. Mfano: cheti kinasema 4.1, lakini kopo limeshuka hadi 3.9. Wewe unapima hadena ya kiwango cha 95, yaani asilimia 95 ya hadena inayotosha ncha zote, kumbe kwenye kikombe umefika 100 bila kuongeza hata tone.

2. Chagua kiwango kulingana na kazi. Kiwango cha 100 maana yake kila ncha ya NCO imepata mkono wake. Hapa ndipo sifa za mpira zinapoamuliwa:

   - 85 hadi 90: mpira unarudi vizuri kwenye umbo lake baada ya kukandamizwa muda mrefu. Ndiyo ya mito ya kukalishia mashine na padi zinazokaa chini ya mzigo usiku na mchana. Gharama yake ni kwamba ukipata mkwaruzo, unachanika upesi zaidi.
   - 95: kazi za jumla. Nguvu ya kuvutwa iko juu, kurudi umbo ni kuzuri, kuchanika ni kwa wastani. Bushi za gari zinakandamizwa na kusokotwa kwa pamoja, kwa hiyo zianzie hapa. Roli na magurudumu ya toroli pia.
   - 100 hadi 105: haichaniki kirahisi na inavumilia kukunjwa mara nyingi sana. Inafaa vikwanguo vya mikanda ya kubebea mawe ya chokaa na kapulingi zinazojipinda. Lakini ukiikandamiza muda mrefu, inabaki imebonyea.

   Chini ya 85 usishuke. NCO iliyobaki itaanza kujiunganisha ovyo na kuvuta unyevu wa hewani, na mpira utakuwa mkavu usiovutika. Juu ya 105 usipande. Utapata kitu laini kisicho na nguvu, kinacholegea zaidi kikipata joto.

3. Piga hesabu. Kwa gramu 100 za prepolima:

   gramu za DMTDA = NCO × 107 ÷ 42 × kiwango ÷ 100

   Tuchukue NCO 4.1 na kiwango 95. Zidisha 4.1 kwa 107, gawa kwa 42, unapata 10.45. Zidisha kwa 95, gawa kwa 100, unapata 9.92. Ukiwa na gramu 500 za prepolima, hadena ni gramu 49.6. Prepolima inayotoa mpira mgumu zaidi, yenye NCO 6.3, kwa kiwango hicho hicho inataka gramu 15.2 kwa kila 100.

   Sasa tazama tofauti ilivyo ndogo. Kwa zile gramu 500 za NCO 4.1, kiwango 90 ni gramu 47.0, 95 ni 49.6, 100 ni 52.2, na 105 ni 54.8. Hatua moja ya viwango vitano ni gramu 2.6 tu, pungufu ya kijiko cha chai. Mizani ya mshale inayokosea gramu 5 inakuhamisha kutoka kiwango cha padi hadi kiwango cha kikwanguo bila wewe kujua. Ukimimina mzigo mdogo wa gramu 60, hatua hiyo hiyo inakuwa gramu 0.3.

4. Pasha kalibu hadi nyuzi 100, ikiwa imeshapakwa dawa ya kuachia na dawa imekauka. Kama bushi ina bomba la chuma ndani, bomba liwe limepigwa mchanga, limefutwa mafuta, limepakwa gundi yake ya kushikia poliurethani na kupashwa pamoja na kalibu.

5. Pasha prepolima hadi nyuzi 70 hivi, polepole, ndani ya oveni, mfuniko ukiwa umelegezwa kidogo. Usiweke kopo juu ya jiko la mkaa. Sehemu ya chini itaungua kabla ya juu kupata moto, na NCO itashuka.

6. Vuta hewa. Tumia chombo kikubwa mara nne ya ujazo wa prepolima, kwa sababu itapanda kama maziwa yanayochemka. Endelea mpaka povu lianguke na vibaki vijipovu vichache tu.

7. Pima hadena kwa njia ya tofauti. Wanaoanza hupima gramu 49.6 kwenye kikombe, wanamimina, kisha wanatupa kikombe. Kitazame hicho kikombe kabla hujakitupa: ukingoni na chini kuna utando wa rangi ya kahawia, kama chai iliyobaki. Utando huo ukiwa gramu 2, umeshapoteza viwango vinne. Kwa hiyo weka chombo chenye prepolima juu ya mizani, bonyeza sifuri, umimine hadena humo humo mpaka isome 49.6. Kama mizani haibebi chombo, pima kikombe cha hadena kabla na baada ya kumimina. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo iliyoingia.

   Ukizidisha, usichote kwa kijiko. Unachochota ni mchanganyiko. Ongeza prepolima kwa hesabu, na ufanye hivyo kabla ya kuanza kukoroga.

8. Koroga kwa dakika moja hadi moja na nusu, taratibu, bila kuchapa hewa ndani. Kwangua kuta za chombo na pembe za chini mara tatu au nne. Hadena iliyobaki pembeni inaharibu mara mbili: huko inazidi, katikati inapungua. Mistari ya kahawia ikionekana bado, endelea. Vuta hewa tena kwa muda mfupi. Kwenye nyuzi 70 una dakika chache tu kabla haijawa nzito, kwa hiyo kila kitu kiwe tayari mkononi.

9. Mimina kwa mkondo mwembamba, kutoka upande mmoja, ili hewa ipande yenyewe upande wa pili. Usikwangue mabaki ya chomboni kuyatia kwenye kalibu. Hayo ndiyo yaliyochanganyika vibaya.

10. Oveni nyuzi 100. Baada ya dakika 30 hadi 60 unaweza kufungua kalibu, lakini mpira wakati huo bado ni mchanga na utachanika ukiuvuta kwa nguvu. Rudisha bushi oveni mpaka zitimie saa 16. Umeme ukikatika katikati, usifungue mlango. Ukirudi, endelea ulipoishia na uhesabu saa za joto tu. Kisha iache wiki nzima kwenye joto la kawaida kabla ya kuifunga kwenye gari. Mteja akikuharakisha, mwambie wazi kwamba nguvu bado inaingia.

Jaribu kabla ya kumimina mzigo wa mteja

Kila bechi mpya ya prepolima ifanyie vidonge vitatu, vya kiwango 90, 95 na 102. Kila kidonge kiwe na unene wa milimita 12.5, pamoja na kipande bapa cha milimita 3.

Wengi hukimbilia kipima ugumu cha Shore A. Kitumie, ila jua mipaka yake: kati ya kiwango 85 na 100 ugumu unabadilika kidogo mno. Prepolima ya NCO 4.1 itasoma karibu na 90 ya Shore A kwenye vidonge vyote. Ukiamini kipimo hicho peke yake utadhani vyote ni sawa, na huko barabarani vitaachana kabisa.

Fanya mambo mawili mengine. La kwanza, kandamiza kidonge kati ya bamba mbili za chuma kwa bolti, na vipande vya chuma vya milimita 9.4 pembeni ili bamba zisishuke zaidi ya hapo. Weka oveni nyuzi 70 kwa saa 22, kisha fungua, subiri nusu saa, pima unene. Kilichopotea kigawe kwa kilichokandamizwa. Kidonge kikirudi milimita 11.6, kimepoteza 0.9 kati ya 3.1, sawa na asilimia 29. Kile cha 90 kinapaswa kupoteza kidogo kuliko cha 102. Kama ni kinyume, kuna kosa kwenye kupima, au NCO ya kopo siyo ya cheti.

La pili, kata kipande bapa kwa wembe, mkato wa milimita 5 ukingoni, ushike pande mbili na uvute. Kiwango 90 kinaanza kufunguka na ule mkato unakimbia mbele kwa mstari ulionyooka. Cha 102 kinakataa. Mkato unageuka pembeni, mdomo wake unakuwa na meno meno, na unalazimika kuongeza nguvu. Ukishauona mkato ukikimbia namna ile, hutaweka tena hadena kwa kukisia.

Na mpira wa salfa?

Wanaotengeneza mpira wa asili huuliza kama mambo ni yale yale. Yanafanana kwa sura. Kwa sehemu 100 za mpira, salfa sehemu 2 hadi 3 pamoja na kiharakishi inatoa mpira laini unaorudi. Ukipanda hadi sehemu 30 hivi unapata eboniti, kitu kigumu kama pembe. Katikati ya hapo ugumu unapanda kadiri salfa inavyoongezeka, lakini uimara dhidi ya kuchanika na kuchoka unafika kilele mapema, kisha unaporomoka. Salfa isiyofungwa hupanda juu na kuacha unga mweupe usoni mwa mpira. Tofauti kubwa na poliurethani ni kwamba hapa ugumu unakuonya. Kwenye poliurethani haukuonyi.

Imeharibika, tatizo liko wapi?

*Matundu madogo kila mahali.* Unyevu. Anza na vikombe, kisha rangi, kisha kopo lenyewe. Matundu yakiwa makubwa machache upande wa juu tu, hiyo ni hewa ya kumimina.

*Sehemu moja inanata, nyingine ngumu.* Hukukwangua kuta za chombo. Kuirudisha oveni hakusaidii.

*Yote laini na inavunjika kama sabuni.* Irudishe oveni saa 16 kamili. Ikikaza, ulikuwa umeifungua mapema. Ikibaki vile vile, hadena imezidi, au NCO ya kopo imeshuka. Tupa.

*Ngumu, inapasuka ukiikunja.* Hadena imepungua. Dalili yake nyingine ni kwamba ilichelewa kushika kwenye kalibu, kisha ikaendelea kukakamaa siku kadhaa baadaye.

*Imeshika kabla ya kumaliza kumimina.* Prepolima ilikuwa ya moto kupita kiasi. Shuka nyuzi 10. Usipunguze hadena ili kupata muda.

*Imebanduka kwenye bomba la chuma, bomba likabaki linang'aa.* Maandalizi ya chuma. Kama kuna tabaka la mpira lililobaki limeng'ang'ania bomba, gundi ilishika vizuri na mpira wenyewe ndio uliokuwa dhaifu. Rudi kwenye hesabu.

*Kopo limefura.* Maji yameingia na gesi inajikusanya ndani. Usilitikise wala kuliweka juani. Vaa barakoa na miwani, litoe nje mahali penye upepo, ulegeze mfuniko kidogo kidogo mpaka lipumue, na usilifunge tena kwa kukaza. Prepolima hiyo haiingii tena kwenye kazi ya mteja.